Baraza, namba ya simu, kadi ya alama ama bajeti shirikishi: wananchi utawasikiliza kwa njia gani?

Hii naandikia watu wa aina tatu. Kuna wewe uko kwa ofisi ya wadi ama ya kaunti ndogo, wakubwa wamekuambia leta maoni ya wananchi na pesa uliyopewa ni ya kukodisha tenti na viti basi. Kuna wewe wa kamati ya dispensari ama ya soko, watu wanakulilia kila siku na hujui hayo malalamiko uyapeleke wapi. Alafu kuna vikundi vya mtaa, vijana wa Kaptembwo huko Nakuru, akina mama wa Nyalenda huko Kisumu, mnataka kaunti iwaskie lakini hamjaelewana kama muitishe baraza, mfungue namba ya simu ama muandike barua.

Niseme msimamo wangu mapema ndio usinishuku huko mbele. Wengi wanaanzia upande usiofaa. Wanaanza na venye watakusanya maoni, fomu itakaaje, grupu itaitwaje, wakati swali la kwanza ni nani ataamua hii maneno, ataamua lini, na pesa iko kwa mfuko wa nani. Ukishajua hayo ndio unarudi unachagua njia. Bila hayo utakusanya maoni mazuri sana yakae kwa kabati.

Vigezo kwanza

Kila njia nitaipitisha kwa maswali matano yale yale: inafikia nani na inaacha nani, inafaa swali gani, inakula pesa na muda kiasi gani, inambana nani ajibu, na wajanja wanaiharibu vipi. Hilo la mwisho watu hawapendi kuliuliza kwa mkutano lakini ndilo linaokoa kazi, juu hakuna njia ya kusikiliza watu ambayo haina mtu amekaa kando akipiga hesabu venye itamfaa yeye.

Alafu kuna kitu kinapita vigezo vyote, kalenda. Bajeti ya kaunti hapa Kenya inatembea na tarehe ziko kwa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012. Mpango wa maendeleo wa mwaka unafaa kufika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, karatasi ya mikakati ya fedha Februari 28, makadirio ya bajeti Aprili 30, na kufikia Juni 30 bunge liwe limepitisha ndio mwaka mpya wa pesa uanze Julai 1. Sasa mtu anaita watu katikati ya Mei kuwauliza wanataka kisima ama barabara. Makadirio yashaandikwa na yako bungeni! Mei ni ya kuuliza kwa nini hii mmeweka na ile mmeitoa, sio ya kuanza kuota. Watu watataja kisima, wataandikiwa kisima, mwaka utaisha bila kisima, ukiwaita tena hawaji, alafu unaskia ofisa akisema ati wananchi wa huku hawana mwamko.

Kisheria hakuna mtu anakulazimisha njia moja. Katiba ya 2010 inataja ushiriki wa wananchi kwa Ibara ya 10, na ya 196 inaubebesha bunge la kaunti. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 91, inataja njia kadhaa, mikutano, teknolojia ya mawasiliano, vikao vya bajeti, mbao za matangazo na zingine, kwa hivyo mtu asikuambie ati baraza pekee ndilo halali.

Baraza na mikutano ya wadi

Hapa nitakaa juu ndio njia inatumika sana na ndio inatukanwa sana.

Inafikia nani. Wazee, watu wa kamati, wale wanajuana na MCA, yaani mwakilishi wa wadi kwa bunge la kaunti, na wale hawakuwa na kazi siku hiyo. Inaacha mama wa mboga, watu wa boda, fundi wa juakali, na mfanyikazi wa maua huko Naivasha ambaye hawezi kuomba ruhusa Jumatano asubuhi kuja kuongea juu ya mtaro. Siku na saa ndio kila kitu. Ukiitisha mkutano mjini Kisumu Jumapili na Kibuye imejaa watu, jua umewachagua wale hawauzi wala hawanunui. Mikutano ya saa kumi jioni karibu na steji ama karibu na soko inaleta watu tofauti kabisa na ile ya saa nne asubuhi kwa ukumbi. Na lugha pia. Ukienda Nyakach ama Butere na karatasi ya Kizungu kurasa arobaini, unasoma kichwa kimoja kimoja watu wakisinzia, hapo hujaongea na mtu.

Hili la kutangaza lilishafika kortini. Mwaka wa 2014 Mahakama Kuu ilifuta Sheria ya Fedha ya Kiambu ya 2013, kesi inajulikana kama ya Gakuru, na jaji akasema bunge la kaunti linafaa kutumia mabaraza, makanisa, misikiti, redio za taifa na za lugha za kienyeji kuwafikia watu, sio tangazo la gazeti tu. Ile kesi kila msimamizi wa wadi angeibandika ukutani.

Inafaa swali gani. Jambo ambalo watu lazima waskizane wao kwa wao. Soko lihamishwe ama libaki, steji iende wapi, taka itupwe wapi, shamba la umma lifanyiwe nini. Hapo simu haikusaidii, juu mtu wa upande huu anafaa kumskia wa upande ule akimwambia usoni venye ataumia. Kwa malalamiko ya mtu binafsi baraza halifai hata kidogo. Hakuna mama atasimama mbele ya kijiji kusema muuguzi alimuitisha pesa, na mjomba wa huyo muuguzi amekaa kiti cha mbele.

Pesa na muda. Tenti, viti, spika, maji ya chupa, na ile maneno ya nauli. Nauli mimi siikatai, mtu akitoka mbali akapoteza siku ya kazi anastahili kurudishiwa. Lakini isemwe mapema, iwe ya wote ama isiwe, maana ikishakuwa ya wale wako kwa listi fulani, mkutano unaofuata utajaa watu wa listi fulani.

Inambana nani. Kwa ukweli, mara nyingi hakuna. Kuna pia kizungumkuti cha chifu. Chifu na naibu wake ni watu wa serikali ya kitaifa, dispensari na soko na barabara ndogo za mtaa ni za kaunti, lakini watu wanaamini chifu ndio serikali yote, wanamalizia malalamiko kwa baraza lake, naye anaandika, anafunga kitabu. Kama unaitisha baraza ya mambo ya kaunti, hakikisha mtu wa idara yenyewe amekuja, mwenye anaweza kusema ndiyo ama hapana hapo hapo, sio mwakilishi wa mwakilishi mwenye kazi yake ni kusema "nimeskia nitafikisha".

Siku nyingine ukienda baraza angalia ile karatasi ya mahudhurio. Jina, namba ya kitambulisho, simu, kijiji, sahihi. Safu tano, na hakuna hata moja ya kuandika huyu mtu alisema nini. Hiyo karatasi ndio inapanda juu kama ushahidi kwamba watu walihusishwa, pamoja na picha mbili za tenti, na maoni yenyewe yamekatwa yakawa mstari mmoja, wananchi waliunga mkono pendekezo. Ongeza safu moja ya "ameomba nini", weka mwandishi wa pili ambaye kazi yake ni hiyo tu, na mwisho wa mkutano asome kwa sauti yale ameandika kabla watu hawajaanza kutawanyika. Haigharimu kitu, na wale wa juu hawapendi sana, juu sasa iko kwa maandishi.

Wajanja. MCA analeta lori la watu wake wapige makofi. Wapinzani wake wanaleta lao. Na kuna wale wazungumzaji wa kila baraza, unajua majina yao, wakishika spika hawaiachi. Dawa ni kugawa watu vikundi vidogo nusu saa, wanawake kivyao, vijana kivyao, alafu kila kikundi kilete yake.

Namba ya simu, meseji na grupu

Inafikia nani. Vijana, watu wa mjini, watu wa boda, mtu yeyote mwenye hawezi kuacha kazi. Lakini usidanganyike ati kila mtu ana simu kwa hivyo kila mtu atatuma. Tanzania kuna shirika liliitwa Daraja lilifanya mradi wa Maji Matone, wanavijiji watume meseji bomba likiharibika, redio itangaze, serikali ishtuke irekebishe. Walilenga meseji 3,000, zikaja 53. Wenyewe walikubali hadharani haikufanya kazi, na sababu zake ukisoma utadhani ni za huku kwetu: wanaochota maji ni wanawake na watoto na simu iko kwa mfuko wa baba, mtandao mbovu, watu wanaogopa kuonekana wanawachoma viongozi, na juu ya yote hawakuamini kuna mtu atajibu.

Pia chagua kwa kuangalia simu za watu wako. WhatsApp inataka bando na simu kubwa. Meseji ya kawaida na zile namba za nyota na reli zinafanya kazi hata kwa kabambe, na ya bure kabisa kwa mpigaji ndio inavuta wazee.

Inafaa swali gani. Kitu kimoja, mahali pamoja, chenye mtu anaweza kwenda akakirekebisha. Taa imezima, bomba limepasuka, taka haijabebwa wiki mbili, choo cha soko kimefungwa. Ukiuliza kwa meseji "mnataka maendeleo gani" utapata maombi ya bursari na salamu.

Pesa na muda. Kufungua ni rahisi, kulisha ndio kazi. Nani anashika hiyo simu Jumamosi? Akienda likizo je? Namba nyingi zimekufa juu zilikuwa laini ya ofisa fulani, akahamishwa akaenda nayo. Laini iwe ya ofisi, watu wawili wapokezane, na wawe na karatasi moja inaonyesha kila aina ya shida inaenda kwa nani. Hapo usisahau barabara, kuna za kaunti na kuna za KeNHA, KURA na KeRRA, mashirika ya barabara ya serikali ya kitaifa, na mwananchi haimhusu, yeye ameona shimo. Kumwambia "hiyo si yetu" bila kumwambia ni ya nani ni kumfukuza tu kwa adabu.

Inambana nani. Inategemea kitu kimoja, kama kila lalamiko linapata namba yake. Kwa maji hapa Kenya kuna MajiVoice, mfumo uliosukumwa na WASREB, mdhibiti wa huduma za maji: unatuma lalamiko, unapewa namba, lina mtu wa kulishughulikia, na mkubwa wake anaona limekaa siku ngapi. Nairobi ulipoanza kutumika malalamiko yaliongezeka mara nyingi. Wakubwa wengi wakiona hivyo wanashtuka wanadhani wameharibu, kumbe watu wameanza kuamini. Kwa hivyo usipime namba yako kwa malalamiko yamepungua, pima kwa siku zinazopita kabla lalamiko halijafungwa, na kwa wangapi wamerudi kulalamika mara ya pili juu ya kitu tofauti.

Bila hiyo namba ya lalamiko, hakuna anayebanwa. Meseji imeenda, imeenda.

Wajanja. Grupu ya WhatsApp bila msimamizi mkali inageuka kuwa ya matanga, michango, mabango ya siasa na zile picha za maua za asubuhi njema. Ikiwa na msimamizi mkali sana, anaanza kutoa wale wanakosoa. Na hapa kuna hatari watu hawaiongelei: kwa grupu kila mtu anaona namba yako. Umelalamikia kanjo fulani anaitisha hongo sokoni, na binamu yake ni memba. Sheria ya Ulinzi wa Data iko tangu 2019 na inahusu hata ofisi yako ndogo, kwa hivyo malalamiko ya watu yaingie faragha kwa ile laini ya ofisi, grupu iwe ya kutoa matangazo na majibu tu.

Kadi ya alama

Hii wengi hawaijui lakini kwa dispensari ndio naipenda. Ilianzishwa na shirika la misaada la CARE huko Malawi mwaka wa 2002. Watumiaji wa huduma wanakaa vikundi tofauti, wanawake, vijana, wazee, wanapea kituo alama. Wafanyikazi wa kituo nao wanakaa kando wanajipea alama zao. Alafu pande zote zinakutana, wanaweka kadi kando kwa kando na kukubaliana nani atafanya nini kufikia lini.

Ukiiona ikifanywa vizuri ni kitu cha kawaida sana. Karatasi kubwa ya manila imelazwa chini ya mti, imechorwa mistari: muda wa kungoja, dawa, heshima, usafi wa choo, kupatikana usiku. Kila mtu anapewa punje za mahindi, anaweka moja hadi tano kwa kila mstari. Mama hajui kuandika lakini anajua kabisa choo kinastahili punje ngapi. Na ile dakika wauguzi wanaona wamejipea nne kwa heshima na akina mama wamewapea moja, hakuna ripoti ingeileta.

Inafikia nani: wale wanatumia hicho kituo, hata wasiosoma. Inaacha wale walikata tamaa wakaacha kuja kabisa, hao uwatafute nyumbani kupitia wahudumu wa afya wa jamii.

Inafaa huduma yenye iko mahali pamoja na ina msimamizi: dispensari, shule ya chekechea, soko, kioski cha maji. Sera ya kaunti nzima usiilete hapa.

Pesa sio nyingi lakini inataka mtu anajua kuongoza mazungumzo bila kuwasha moto, siku kadhaa, na kurudi baada ya miezi kama sita kuangalia kama yale waliahidi wametenda. Shida yetu ni kwamba inakuja na shirika, shirika likienda manila zinabaki ukutani zikifubaa.

Matokeo yake pia tuyaseme yalivyo. Utafiti wa Uganda uliochapishwa mwaka wa 2009, kwa vituo 50 katika wilaya tisa, ulipata kwamba jamii ikipewa takwimu za kituo chake na kukaa chini na wahudumu, vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilipungua kwa karibu theluthi. Watu wakashangilia dunia nzima. Baadaye ukafanywa mwingine mkubwa zaidi huko huko Uganda, hayo ya vifo hayakuonekana tena. Kwa hivyo kadi sio uchawi, na usiahidi wafadhili makubwa.

Inambana nani? Msimamizi wa kituo, moja kwa moja, na hiyo ndio nguvu yake. Ila tu kwa yale yako kwa uwezo wake. Wakati wa kukubaliana gawanya listi mara mbili, ya hapa na ya juu. Saa ya kufungua, choo, lugha ya wauguzi, foleni ya akina mama wajawazito, hiyo ni ya hapa. Dawa hazijaletwa, muuguzi ni mmoja, hiyo ni ya juu na inafaa kuandikiwa barua siku hiyo hiyo. Angalau sasa kuna Sheria ya 2023 inayoruhusu vituo vya afya vya umma kubaki na pesa vinazokusanya, kwa hivyo kile kitasa cha choo hakihitaji kungoja makao makuu ya kaunti.

Wajanja: kuna kikundi kinakuja kulipiza kisasi kwa daktari fulani, na kuna msimamizi anaita marafiki zake ndio wapige alama. Wote wawili utawajua, alama zao zinafanana sana.

Bajeti shirikishi

Ilianza Porto Alegre, Brazil, mwaka wa 1989, watu wa mitaa wakae wapige kura pesa ya jiji ifanye nini. Hapa Kenya kaunti inayotajwa sana ni Makueni, ambako mazungumzo yanaanza kijijini yakipanda hadi juu na miradi inasimamiwa na kamati za wananchi. Karibu na sisi, Elgeyo Marakwet ilitunga sheria mwaka wa 2015 ya kugawa pesa za maendeleo kwa usawa hadi wadi.

Inafikia watu wengi, ikifanywa kwa ngazi, kijiji kwanza. Ikianzia makao makuu ya kaunti ndogo hiyo ni baraza tu imevaa suti. Kijiji kidogo ndio kinaachwa, juu kura ni idadi, na kile chenye watu wengi kitashinda kila mwaka hadi wengine waache kuja. Kwa hivyo lazima muwe mmekubaliana mapema, kwa maandishi, kwamba aliyepata mwaka huu anakaa kando mwaka ujao.

Swali lake ni moja, tuna kiasi hiki, kiende wapi. Kiasi kijulikane kabla. Kuitisha watu wachague bila kuwaambia pesa ni ngapi ni kumpigia mbuzi gitaa. Na mhandisi apige hesabu ya kila pendekezo kabla ya kura, la sivyo watu watachagua daraja kwa pesa ya kalvati, na huyo mwenye atakuja kuwaambia haitoshi ataonekana mwizi.

Ni ghali kuliko zote. Mikutano mingi, wataalamu, mwezi mzima ama zaidi, na lazima ianze mapema, Agosti hivi ukienda kwa mpango wa Septemba, ama kabla ya Februari. Lakini pia inabana kuliko zote, juu ikishapigwa kura na listi ikabandikwa kwa ukuta wa ofisi ya wadi na kwa mlango wa kanisa, ukiangalia makadirio ya Aprili unaona wazi nini kimetolewa na nani aulizwe. Kila kaunti inafaa kuwa na kongamano la bajeti na uchumi, liko kwa kifungu cha 137 cha ile sheria ya fedha, na lina viti vya watu wasio wa serikali. Uliza nani amekalia hivyo viti kwa kaunti yako, unaweza shangaa.

Wajanja hapa wanangoja mwisho. Hawapingi kwa kijiji, wanapinga kwa kamati, wakati watu washarudi nyumbani.

Zile zingine kwa ufupi

Sanduku la maoni: kufuli ina kutu, ufunguo uko kwa mtu hayuko. Linafaa kitu kimoja tu, siri, na linafanya kazi kama linafunguliwa na watu wawili, mmoja wao si mfanyikazi, siku inayojulikana kila wiki.

Petisheni: hii watu wanaiogopa wakidhani inataka wakili. Haitaki. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti kinakupa haki ya kupeleka petisheni bunge la kaunti, cha 88 kwa serikali ya kaunti yenyewe, na cha 89 kinasema lazima wajibu haraka. Ni njia ya wale wameongea wakachoka.

Barua ya kuomba habari: Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inapea ofisi ya umma siku 21 ijibu, ama saa 48 kama inahusu uhai ama uhuru wa mtu. Wakikunyamazia, Tume ya Haki ya Utawala, ile watu wanaita Ombudsman, iko na ofisi Kisumu.

Redio sio ya kukusanya, ni ya kurudisha. Ramogi, Mulembe, Sulwe na zile ndogo za mtaani, dakika tano kila wiki za kusema mliomba haya, tumefanya haya, haya tumekataa na sababu ni hii. Mimi naona kusema "tumekataa na sababu ni hii" kunajenga imani kuliko kuahidi, lakini maofisa wengi wataogopa hiyo sentensi hadi wastaafu.

Sasa wewe uko wapi

Kama uko kwa kamati ya dispensari na malalamiko ni lugha mbaya, foleni na kufunga mapema, anza na kadi ya alama, na uongeze sanduku la siri kwa yale ya hongo. Usiite baraza. Kama shida ni dawa na wafanyikazi tu, kadi itawachosha wote bure, andikeni petisheni.

Kama uko mjini, Nakuru ama Kisumu ama Eldoret, na shida ni taa, taka na maji, fungua namba, lakini kwanza hesabu una timu ngapi za kurekebisha. Kama ni moja, anza na mtaa mmoja, Rhonda peke yake ama Kondele peke yake, na aina moja ya shida. Namba ya kaunti nzima yenye haina fundi nyuma yake itaua imani ya watu, na kuirudisha itakuchukua miaka.

Kama kuna kitu cha kuhamishwa ama kufungwa, soko, steji, dampo, hapo baraza haliepukiki, na uifanye zaidi ya moja, moja pale pale wenye wataumia wako, kabla mkandarasi hajapatikana. Watu wakishaona trekta huwezi kuwaambia unatafuta maoni.

Kama wewe ni MCA ama msimamizi wa wadi ya mashambani na kuna pesa imetengewa wadi yako kweli, jaribu bajeti shirikishi, hata kwa sehemu yake ndogo mwaka wa kwanza. Kama pesa haijatengwa, ama hujui kama itafika, usiguse kabisa hiyo neno. Fanya baraza za vijiji ukusanye vipaumbele, useme wazi ni vipaumbele tu.

Kama ni kikundi cha mtaa bila senti, msifungue namba, mtachoka. Pigeni picha za ile listi ya miradi iliyobandikwa mwaka jana, mtembee mradi kwa mradi, muandike upi upo na upi haupo, muombe hati kwa ile sheria ya habari ya 2016. Karatasi mbili za hayo mkienda nazo bungeni mwezi wa Mei wakati kamati inasikiliza makadirio zina nguvu kuliko watu mia wanapiga kelele.

Na kama umeambiwa ukusanye maoni na siku zilizobaki ni wiki mbili, usijaribu kitu kipya. Chukua baraza zenye tayari zinafanyika, vikao vya chama, mkutano wa watu wa boda, siku ya kliniki ya watoto, omba dakika ishirini kwa kila moja, peleka swali moja tu lenye jibu linaweza kubadilisha kitu, na uandike majibu kwa maneno ya watu wenyewe. Alafu kwa ripoti uandike ukurasa wa kwanza ni nani hukumfikia, ndio yule ataamua ajue.